Umeme mbele, petroli nyuma

Jumatatu

Tumeondoka alfajiri, umande bado uko kwenye majani. Mimi nimepanda pikipiki ya umeme. Fundi kapanda ya petroli: cc 250, mipigo minne, kabureta, kiki ya mguu, chombo cha miaka mingi ambacho hakina siri kwake. Makubaliano ni kubadilishana kila njia inapobadilika tabia, ili mchanga, matope, mawe na mlima vipimwe kwa pikipiki zote mbili na kwa makalio yetu wote wawili. Fundi amemaliza sehemu kubwa ya umri wake akifungua na kufunga injini, na safari hii amekuja na hukumu yake mfukoni. Mimi sina hukumu. Nina chaja nzito mgongoni.

Kuwasha tu kumetosha kuonyesha tofauti. Fundi kafungua koki ya mafuta, kavuta choki, kaitafuta pistoni taratibu kwa mguu, kapiga kiki. Kimya. Kapiga tena, ikakohoa. Ya tatu ikashika, kisha tukasimama tukisubiri ipate joto, moshi ukitambaa kati yetu. Yangu nimebonyeza swichi, taa ikawaka, basi.

Halafu mikono na miguu yangu ikaanza kutafuta kazi. Mkono wa kushoto unakwenda kwenye klachi na kukuta breki ya nyuma. Mguu wa kushoto unakanyaga gia ambayo haipo. Kwa kilomita za mwanzo nilikuwa nabonyeza ile breki kila nilipotaka “kubadilisha gia”, na pikipiki ikawa inanisujudisha. Mazoea ya mwili hayafutiki kwa kusoma kitabu cha maelekezo.

Njia ya leo ni udongo mgumu, mashimo machache, kona ndefu. Hapa tofauti inayosemwa na kila mtu ni ya kweli: injini ya petroli lazima ipande mizunguko ndipo itoe nguvu, mota ya umeme inatoa msukumo wake mkubwa kuanzia sifuri. Ukivuta resi kwa pupa, gurudumu la nyuma linachimba kabla hujakaa sawa. Nimeiweka kwenye hali ya nguvu ndogo na sijaona haja ya kuipandisha siku nzima. Watu hupenda kutajiana namba. Stark Varg, pikipiki ya umeme ya motokrosi (mbio za viwanja vya udongo), ilipotangazwa Desemba 2021 ilikuja na dai la nguvu za farasi 80, wakati motokrosi za petroli za cc 450 ziko karibu na 60. Namba hizo zina maana uwanjani, kwenye kuruka vilima na kuchomoka langoni. Kwenye njia ya mbuzi yenye mawe, farasi 15 zilizotulia zinatosha na kubaki.

Niseme pia ni ya umeme ipi, maana jina hilo limebeba vitu vingi. Kuna zile nyepesi za aina ya Sur-Ron Light Bee, kilo 50 hivi, ambazo zimekaa katikati ya baiskeli na pikipiki. Yangu ni ya ukubwa kamili, uzito wake haupishani sana na wa pikipiki ya Fundi, betri yake ni ya kilowati-saa 6.

Sauti, sasa. Haiko kimya kama watu wanavyodhani. Mota inalia mlio mwembamba, mnyororo unachakarika, kokoto zinagonga chini. Lakini vinavyosikika ni vile ambavyo injini huvifunika: tairi linapoanza kuteleza linasema mapema, breki ya mbele ilikuwa inasugua kidogo nikaisikia, na nimejisikia mwenyewe nikihema. Mchana nilipanda ya Fundi na hayo yote yakazimika. Nikarudi kwenye lugha niliyoizoea, ya kujua mwendo kwa mngurumo bila kutazama chochote. Kwenye ya umeme mara nyingi nilidhani naenda polepole, na sikuwa naenda polepole.

Tumelala penye umeme wa ukutani. Soketi ya volti 230 ikitoa ampea 10 ni kilowati 2.3, kwa hiyo betri ikiwa tupu kabisa inataka karibu saa tatu, na ile sehemu ya mwisho baada ya asilimia 80 huenda taratibu zaidi kwa sababu chaja yenyewe hupunguza mkondo ili isiziumize seli. Fundi alimimina lita kadhaa kutoka kwenye dumu, akafunga kifuniko, akakaa kunitazama.

“Mwanangu, hiyo betri yako ukiigeuza petroli ni lita ngapi?”

Tukapiga hesabu kwenye vumbi la madigadi. Lita moja ya petroli imebeba karibu kilowati-saa 9 za nishati. Betri yangu nzima, basi, ni theluthi mbili za lita. Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. Lakini hesabu haijaisha, mzee. Injini ndogo ya petroli ikifanya vizuri inageuza robo ya nishati hiyo kuwa mwendo, kinachobaki kinatoka kama joto kwenye ekzosi na kwenye rejeta. Mota na vifaa vyake vinageuza asilimia 85 au zaidi. Ukipima kwenye gurudumu, betri yangu inasimama badala ya lita mbili na nusu hivi. Tangi lake linabeba 8. Akaacha kucheka, ila hakuonekana kushindwa, na kwa kweli hakuwa ameshindwa.

Jumanne

Mchanga. Leo umeme umepigwa.

Jana, kwenye udongo mgumu, asilimia moja ya betri ilinipa karibu kilomita moja, mara nyingine pungufu kidogo. Leo nimekuwa nikilipa asilimia mbili kwa kilomita. Mchanga haukuruhusu kupumzika: lazima resi iwe wazi, uzito nyuma, gurudumu la mbele lielee, ukilegeza linazama na usukani unakukataa. Huwezi kuendesha kwa ubahili mchangani. Na mahali palipokuwa pameshikana vizuri, ambapo mtu wa petroli anafungua na kula upepo, ndipo nilipokumbuka kwamba ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukienda mara mbili ya mwendo, hewa inakusukuma nyuma mara nne.

Fundi alipotea mbele. Nilimkuta juu ya tuta, injini imezimwa, ananisubiri.

“Imebaki ngapi?”

“Arobaini na moja, mzee.”

“Na njia?”

Njia ilikuwa bado nusu. Tukabadilishana, kwa sababu yeye ni mwepesi kuliko mimi na anajua kuacha pikipiki ijitafutie njia. Hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea. Fundi, mtu wa kupiga resi mpaka ndege wahame, aliendesha ya umeme kwa adabu ya ajabu. Kila mteremko mdogo aliachia. Kila bonde alilitazama kwa mbali na kuchagua upande. Macho yake yalikuwa yanarudi kwenye kile kioo kidogo cha asilimia, tena na tena.

Nami juu ya petroli nilikuwa na kazi nyingine kabisa. Gia ya pili, ya tatu, klachi, rudi ya pili, chuma kinazidi joto, paja la kulia linaiva karibu na ekzosi, na kidole cha klachi kimeanza kukakamaa. Kichwani, hata hivyo, nilikuwa mtu huru. Dumu liko mgongoni, sikuhesabu chochote.

Hilo ndilo ningemwambia anayeuliza ipi ngumu kuendesha. Ya petroli inakuchosha viungo. Ya umeme inakuacha na viungo vyako na kuingia kwenye mipango: inataka kujua unalala wapi, kuna soketi gani, kilima kiko kabla au baada ya mchanga.

Kilomita za mwisho pikipiki ilijipunguzia nguvu yenyewe, ikawa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Fundi aliingia kambini na asilimia kidogo sana, amesimama kwenye vikanyagio, kofia imepanda juu ya paji la uso.

Usiku tuliongea kuhusu Dakar, zile mbio ndefu za jangwani. Tangu 2024 mbio hizo zina kundi linaloitwa Mission 1000, la magari na pikipiki za nishati mbadala, na njia yao ni karibu kilomita 100 kwa siku, wakati washindani wa kawaida hukimbia hatua za mamia ya kilomita. Fundi alitaka kujua kwa nini wasipewe njia ileile. Nikamwonyesha tu mahali alipoegesha ile ya umeme, waya ukiwa umeshaingia.

Jumatano

Msitu. Mizizi, matope meusi, magogo, kupanda kwa ghafla na kushuka kwa ghafla, kasi ya kilomita 15 kwa saa ukibahatika. Nimeandika mengi leo kwa sababu leo ndiyo siku niliyoielewa pikipiki hii.

Kila aliyewahi kupanda kilima chenye mawe kwa petroli anajua woga mmoja: injini kuzimika katikati. Unapoteza mwendo, unachelewa klachi nusu sekunde, inazima, na sasa umesimama kwenye mwinuko, mguu mmoja unatafuta ardhi isiyokuwepo, breki ya mbele haishiki kwa sababu uzito wote uko nyuma, na kiki iko upande ambao mguu wake ndio umekushikilia usianguke. Nusu ya ufundi wa kupanda kilima kwa petroli ni ufundi wa kutofika hapo.

Mota ya umeme haizimiki. Nilisimama katikati ya ngazi ya mizizi, nikapumua, nikaangalia mstari mwingine, nikavuta resi kwa upana wa kucha. Ikapanda. Nikasimama tena kwa makusudi, kuhakikisha. Ikapanda tena. Hakuna klachi ya kuunguza, hakuna mizunguko ya kutafuta. Mwendo wa konokono na mwendo wa mbio unaupata kwenye mkunjo uleule wa kifundo cha mkono. Jinsi breki ya nyuma ilivyo mkononi, mguu wa kulia ukawa huru kusimama sawasawa kwenye kona za kulia, kitu ambacho kwenye petroli hukipati kwa sababu mguu una pedali ya kulinda.

Fundi alikuwa chini na petroli, imemzimikia mara mbili kwenye mzizi uleule. Hakusema kitu. Alipofika juu alivua glavu na kunyoosha mkono: lete hiyo. Akaipanda ngazi ile, akashuka, akaipanda tena kwa upande mbaya zaidi.

“Inatii huyu,” alisema. “Kama punda aliyeshiba.”

Nikangoja anirudishie. Hakunirudishia mpaka tulipofika kwenye gogo kubwa.

Gogo ndilo lililomrudisha kwenye imani yake. Kwa petroli, gogo la magotini lina dawa yake: unakaribia, unashika klachi, unapandisha mizunguko, unaachia kwa ghafla, na nguvu iliyojilimbikiza kwenye gurudumu zito ndani ya injini inanyanyua mbele. Mota ya umeme haina cha kulimbikiza. Ina msukumo mwingi, lakini unakuja pale unapouomba tu, hauna akiba. Fundi aliivuta resi akitarajia ule mruko, gurudumu la nyuma likachimba matopeni, la mbele likagonga gogo na kurudi. Njia yake ni nyingine: unazikandamiza foku, zile shokapu za mbele, kwa uzito wako kabla ya gogo, zinaporudi ndipo unavuta resi, mwili unatangulia na mota inafuata. Ukishaipata ni tamu, lakini ni somo jipya na magoti yanalipia ada. Watengenezaji wanalijua hili. Yamaha ilipoonyesha TY-E, pikipiki yake ya umeme ya trayo (mchezo wa kuvuka vikwazo polepole bila kukanyaga chini), mwaka 2018 iliiwekea klachi na gurudumu zito makusudi, na kampuni ya Ufaransa ya Electric Motion nayo inauza trayo za umeme zenye klachi. Mtu anaweza kuuliza kwa nini urudishe ulichokiondoa. Jibu liko kwenye gogo.

Hapohapo likatokea jambo la hatari zaidi kuliko gogo lenyewe. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu. Fundi akainama kuinyanyua, mkono wa kulia kwenye mpini wa resi, mahali ambapo mkono wake umeshika kwa miaka yote. Petroli ikianguka mara nyingi huzima, na ikiwa haijazima unaisikia. Hii ilikuwa hai na kimya. Kwa kule kuinama tu resi ikazunguka, pikipiki ikaruka, ikamburuta hatua tatu na kuingia kichakani. Alichubuka kiwiko, madigadi ya mbele ikapasuka. Kamba ya usalama yenye sumaku, ile inayofungwa mkononi na kukata umeme ukitengana na chombo, ilikuwa imebaki kwenye usukani. Kuanzia hapo hakuna aliyeigusa kabla ya kuichomoa, na ndivyo ningemfundisha yeyote anayehamia kwenye umeme, kabla hata ya kumwonyesha swichi.

Jioni, karibu na ukingo wa msitu, tulipita karibu na paa wawili. Mimi nilikuwa mbele kwenye ya umeme, waliinua vichwa na kurudi kula. Fundi alipotokeza nyuma, walikwisha toweka. Kabla ya kuuona huu kuwa uzuri mtupu, nikumbuke mama aliyebeba kuni asubuhi ambaye hakunisikia kabisa mpaka nilipomfikia. Alishtuka, na haki ilikuwa yake. Kwenye njia zenye watembea kwa miguu, ukimya unakulazimu upige honi au upunguze mwendo uwe wa kuongea. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, akatazama pikipiki chini mpaka juu na kuuliza kama imeharibika.

Alhamisi

Mlima. Tumepanda mita nyingi leo kuliko siku zote zilizotangulia kwa pamoja.

Petroli ilianza kulalamika mapema. Hewa inapokuwa nyepesi, kila mvuto wa pistoni unaingiza oksijeni kidogo zaidi, na kabureta hajui. Anaendelea kutoa petroli ileile. Mchanganyiko unazidi utajiri, injini inakohoa, plagi inakuwa nyeusi. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila mita 1,000 za kupanda, injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, hata ukiirekebisha. Zile zenye sindano ya kielektroniki hurekebisha mchanganyiko zenyewe, lakini oksijeni iliyopungua haitengenezwi na kompyuta. Fundi alisimama, akalaza kabureta, akabadilisha jeti kuu, kile kitundu kinachopima petroli, kwa ndogo zaidi na kuishusha sindano ya kabureta ngazi moja. Kazi yote kaifanya juu ya jiwe, kwa bisibisi moja na kibati cha dagaa cha kuwekea skrubu. Kumtazama ni starehe.

Umeme hauvuti pumzi. Kwa mota, mlimani na bondeni ni kulekule. Nilikuwa na majivuno fulani hapo, mpaka tulipofika kwenye kipande cha mawe makubwa, mwinuko mkali, jua la saa saba. Mota inayozunguka polepole huku ikibeba mzigo mzito inavuta mkondo mkubwa na kuchemka, na hapo upepo wa kuipoza haupo kwa sababu hakuna mwendo. Taa ya njano ikawaka, nguvu ikashuka nusu. Nikakaa kivulini kusubiri. Fundi naye, hatua chache nyuma, rejeta inatema mvuke na klachi inanuka. Tukala chakula cha mchana kwa pamoja, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuchelewesha.

Kambi ya juu haina umeme wa gridi. Ina jenereta ndogo ya kilowati 2. Chaja yangu kwa nguvu zake zote ingeizima papo hapo, kwa hiyo nikaipunguza ampea na kuiacha inywe taratibu jioni nzima.

Fundi alikaa karibu na jenereta akiisikiliza kwa makini. Ilipomaliza alipima tangi lake kwa kijiti, kisha akapima la pikipiki yake.

“Njoo uone, kijana.”

Jenereta ilikuwa imekunywa lita mbili na kitu kunijazia betri. Pikipiki yake kwa njia ileile ilikuwa imekunywa kiasi kinachokaribiana na hicho. Ndiyo, ndivyo ilivyo: jenereta ndogo nayo ni injini ya petroli yenye hasara zilezile za joto. Umeme wa pikipiki ni safi kwa kadiri ya mahali ulikochotwa, ukichotwa kwenye maji au jua hesabu inabadilika kabisa. Nilimwambia hivyo. Alikubali sehemu ya jua, akasema jua likija aitwe.

Ijumaa

Kushuka. Betri asilimia 100, anga safi, na nikagundua ndani ya dakika chache kwamba pikipiki hainishiki.

Siku zote nilikuwa nimezoea kuachia resi na kuhisi mota ikivuta nyuma, ikigeuka dainamo na kurudisha umeme kwenye betri. Ndiyo iliyokuwa inafanya kazi ya gia ndogo ya petroli kwenye mteremko. Lakini betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo, kwa hiyo kompyuta inaizuia. Nikashuka mlima mrefu kwa breki tupu, na breki ya nyuma ikaanza kulegea kwa joto. Fundi alikuwa mbele yangu kwenye gia ya kwanza, injini ikimshika, vidole vyake havigusi breki. Ukilala juu ya mlima na pikipiki ya umeme, iache kwenye 90.

Na kwa wale wanaodhani mteremko unajaza betri: mimi na pikipiki na mizigo ni karibu kilo 190. Kushuka mita 1,000, nguvu yote ya uvutano iliyoko hapo ni takriban nusu kilowati-saa. Toa msuguano, toa hewa, toa hasara za mota, ukipata nusu yake umepata bahati. Kwa betri yangu hiyo ni asilimia 4. Faida yake ya kweli ni breki kutochakaa na mkono kutochoka.

Chini kulikuwa na mto, maji ya mapaja, chini mawe ya kuteleza. Kwa petroli hofu ni mdomo wa kuvutia hewa: maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi, na kitu kinachokubali kupinda ni fimbo ya pistoni. Tukavuka ya Fundi kwa kusukuma, imezimwa. Ya umeme niliipanda nikaipitisha, kwa sababu haivuti hewa, na betri na mota zake zimezibwa kwa kiwango cha IP67, maana yake zilijaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Hapo nilikuwa nimesimama kwenye vikanyagio nikimwangalia Fundi anavyohangaika, kwa raha ambayo sitaificha.

Ng'ambo ya pili kioo kikaandika herufi moja na namba mbili, na pikipiki ikakataa kwenda.

Hapa ndipo umri wa ufundi unapokutana na ukuta. Petroli ikikataa, una maswali matatu ya kuanzia: kuna mafuta, kuna cheche, kuna hewa? Unafungua, unanusa, unaangalia. Fundi aliizunguka ya umeme mara kadhaa akitafuta pa kunusa.

“Inaniandikia barua,” alisema, “halafu haisemi imetoka kwa nani.”

Maana ya ile barua ilikuwa kwenye programu ya simu, na simu haikuwa na mtandao. Kwa hiyo tukafanya yanayofanywa na binadamu: tukazima, tukafungua kila kiunganishi kinachofikika kwa mkono, tukakuta kimoja cha kihisio cha resi kina tone la maji nyuma ya mpira wake, tukakipuliza na kukianika juani. Ikawaka. Betri na mota zilikuwa kavu, kilichoonyesha udhaifu ni plastiki ndogo kuliko kidole. Fundi aliniambia niziweke grisi ya umeme zote usiku huu, na nimezitia.

Jumamosi

Kipande kifupi cha mwisho, njia ya kokoto, hakuna cha kueleza.

Kuosha na kukagua ndiko kulikochukua siku. Ya petroli: sponji la chujio la hewa lilikuwa zito kwa vumbi, likafuliwa, likakaushwa, likapakwa oili. Oili ya injini imemwagwa, imetoka nyeusi na harufu ya klachi. Vali zikapimwa. Kebo ya klachi ikarefushwa, sahani zake zinakaribia kuisha. Jeti ikarudishwa kubwa. Ya umeme: nimeiosha kwa ndoo na kitambaa, kwa maana mashine ya maji ya kasi inasukuma maji hadi pale mto ulikoshindwa, nikakagua viunganishi, nikaishusha chaji mpaka karibu nusu, kwa kuwa itakaa bila kutumika na seli za lithiamu hazipendi kuhifadhiwa zimejaa. Halafu mambo ambayo hayajali unatumia nishati gani: spoki, beringi, shokapu, pedi za breki, matairi. Mnyororo na sproketi ya nyuma ya umeme vimechakaa zaidi kuliko vya Fundi, meno yameanza kulala upande mmoja. Msukumo wa kuanzia sifuri unalipwa hapo.

Fundi akiulizwa atanunua ipi, anajibu kwamba yake ipo. Lakini ameomba hii ya umeme ibaki kwake kwa muda, anataka kulimaliza lile suala la gogo.

Njia inayofuata nimeichora mezani, inapita msituni kwa sababu msitu ndipo umeme unaponiweka kwenye raha, na mchanga nimeukwepa kwa kuzunguka. Fundi aliichukua karatasi, akaisoma kwa muda akiwa na kalamu mdomoni, kisha akakata kituo cha tatu. Umeme wa pale, alisema, huwa unakatika mchana, tuhamie kile cha ng'ambo ya bonde hata kama ni mbali kidogo. Nikamuuliza yeye na dumu lake la petroli inamhusu nini. Akasema kipande hicho cha njia anakipanda yeye kwa umeme, mimi nibebe dumu.